Ng'ombe Aliyefutwa Sikio

Lori la ng'ombe lilipita mbele ya ofisi zetu za Mtumba, Dodoma, saa ya chakula cha mchana, harufu ikabaki nyuma yake. Mwenzangu mmoja, kijana aliyekulia mjini, akaziba pua kwa leso akasema, "Jamani, hawa watu hawana barabara nyingine?" Wengine wakacheka, wakarudi kwenye sahani zao. Mimi sikuweza kuendelea kula. Ng'ombe aliye zizini hunukia maziwa, moshi na samadi iliyokauka, na harufu hiyo naipenda mpaka leo. Aliye kwenye lori ana harufu nyingine kabisa: mkojo, chuma kilichopigwa na jua, na jasho la mnyama asiyejua anakopelekwa. Niliijua harufu hiyo nikiwa darasa la tano. Hasira niliyoipata pamoja nayo haijanitoka.

Kwetu ni upande wa Kongwa, kwenye tambarare, ambako wakati wa kiangazi mtu huonekana akija muda mrefu kabla hajafika. Tuliishi kwenye tembe lenye paa la udongo, na mbele ya mlango kulikuwa na zizi la miiba. Ng'ombe wetu hawakuwa wengi. Mmoja wao, jike mwekundu, aliitwa Mkwe. Alitoka kwa wajomba zangu, na siku alipofika baba alitangaza kwamba ng'ombe aliyetoka ukweni hachapwi. Alisema kwa mzaha, lakini sisi watoto tuliushika mzaha ule kama sheria. Wengine walichapwa fimbo, Mkwe aliombwa. "Pita basi, Mkwe, tunafagia," mama alikuwa akimwambia, na Mkwe alisimama kwanza, akatafakari, ndipo akapita.

Alipotea mwishoni mwa kiangazi, wakati malisho yamebaki mbali. Ng'ombe walirudi jioni bila yeye. Alikuwa na ndama mchanga, dume, tuliyemwacha nyumbani kwa sababu miguu yake ilikuwa bado haijakomaa kwa safari, na ndama yule alikaa kwenye pengo la zizi akilia mpaka sauti ikamkauka. Mama alimkamulia maziwa ya ng'ombe mwingine kwenye kibuyu. Akanusa, akageuza shingo. Hapo tukaelewa wote kwamba tusipompata Mkwe mapema tutapoteza wawili.

Wenzangu mliokulia kwenye ng'ombe mtakumbuka kwamba mnyama akipotea mtu haendi tu kwa jirani na kuuliza, "Hujamwona ng'ombe wangu?" Kuna namna yake. Unafika, unasalimia, unapewa kigoda. Unakaa. Kisha unamweleza mnyama wako kwa utaratibu, kama vile anakuja akikusogelea kutoka mbali. Kwanza kile kinachoonekana akiwa ng'ambo ya bonde: jike au dume, mkubwa au mdogo, rangi kwa jumla. Halafu anakaribia, unaanza kuona pembe, nundu, mabaka. Mwisho amefika, anakunusa mkono, na hapo unataja sikio, maana sikio ndilo lililokatwa alama ya ukoo. Na mwenye nyumba hanyamazi. Kila unapomaliza jambo moja anaitikia, "Eee." Asipoitikia, hujaeleweka, unarudia. Ndiyo maana sentensi za mtu aliyepotelewa huwa fupi: kila moja inasubiri itikio lake. Ikitokea moja ndefu, ujue amefika mahali ambapo mnyama wake hafanani na mwingine yeyote, na hataki kukatizwa.

Nilitembea na baba kaya kwa kaya jioni ile na kesho yake, nikiwa nimeshika ncha ya shuka lake. Hakuna aliyemwona. Kilichobaki kilikuwa mnada.

Mnadani ilikuwa lazima tangazo lisomwe kwa Kiswahili, maana wanunuzi na wapakiaji walitoka kila mahali, na msomaji wa matangazo alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Stefano. Alikuwa na sauti, na kipaza sauti kilimpenda. Watu wenye jambo walimpelekea karatasi siku moja kabla. Kwa hiyo baba alikaa kwenye kigoda, akanieleza Mkwe kwa Kigogo kama angemweleza jirani, na mimi nikaandika kwa Kiswahili. Niliitikia "Eee" kila mara kabla ya kuandika, kwa sababu vinginevyo angerudia. Niliandika hivi:

"Ng'ombe amepotea. Ni jike. Ni mwekundu. Si mkubwa sana. Ametoka kuzaa, ana maziwa. Pembe ya kulia inatazama mbele. Ya kushoto imelala. Mgongoni ana weupe kama wa majivu unaoanza nyuma ya nundu na kushuka mpaka kwenye shina la mkia, kama mtu alimmwagia unga akiwa amesimama na hakujisumbua kujikung'uta. Sikio la kushoto limekatwa ncha. Chini yake kuna pengo. Sikio la kulia ni zima."

Baba aliniambia nimsomee. Nikasoma. Akaitikia mpaka mwisho, akasema, "Ndiye huyo. Mpelekee mwalimu."

Mwalimu Stefano aliisoma karatasi yangu akiwa amesimama mlangoni mwa darasa. Akatabasamu. Nilifikiri amefurahi. Akachukua chaki, akaiandika yote ubaoni, neno kwa neno, kisha akawageukia wenzangu.

"Darasa, insha ya wasifu inataka nini?"

"Fupi, ndefu, swali, mshangao!" tukaimba. Ndivyo alivyotufundisha. Sentensi moja iwe fupi, inayofuata ndefu, halafu swali, halafu mshangao, halafu unaanza upya. Tulizipanga kama mtu anayepanda mahindi na kunde kwenye mstari mmoja. Hakuwahi kutuambia kwa nini.

"Sasa tazameni hii. Ni jike. Ni mwekundu. Si mkubwa. Hii ni insha au mtu anapiga chafya?"

Darasa likaangua kicheko. Rafiki yangu Tabitha, niliyekaa naye dawati moja, alicheka mpaka akaniegemea.

"Nani amekufundisha kuandika hivi?"

"Baba, Mwalimu."

Wakacheka tena, safari hii zaidi.

Tukaanza kulisahihisha tangazo. Daudi, aliyekuwa wa kwanza darasani, alisema pembe zimepinda mithili ya mwezi mchanga. Haikuwa kweli, pembe za Mkwe hazikupinda hivyo, lakini Mwalimu Stefano akaandika. Mwingine akasema rangi yake ni kama jua linapozama. Ikaandikwa. Mwingine akaleta bibi harusi, na mwalimu akafurahi kiasi cha kumpigia makofi. Kila kilichoingia kilisukuma kingine kikatoka. Weupe wa mgongoni ukafutwa kwa kuwa mfano wa unga ni wa jikoni. Kisha akafika kwenye sikio.

"Na hili la sikio, tulifanyeje?"

"Tulifute, Mwalimu!"

"Kwa nini?"

"Linachafua picha!"

"Sawasawa. Nani anataka kusikia habari za kukatwakatwa masikio?"

Niliinua mkono. Mpaka leo nausikia ukiinuka, maana ulikuwa mzito. "Mwalimu, bila sikio hawatamjua. Wekundu ni wengi."

Akanitazama kwa upole, na upole huo ndio unaoniudhi kuliko kama angenichapa. "Binti, kaa chini. Hapa tunapamba, hatukagui mnyama. Wewe umeshaandika, sasa waache wenzako waandike vizuri." Akachukua dasta. Akafuta sikio la kushoto. Akafuta na la kulia, ambalo halikuwa na kosa lolote.

Nilirudi nyumbani, nikamwambia baba kwamba mwalimu amebadilisha. Akauliza, "Amebadilisha ng'ombe?" Nikamwambia hapana, amebadilisha maneno. Akafikiri kidogo, akasema Kiswahili cha mnadani huenda kina namna yake, na mwalimu anakijua kuliko sisi. Nami nikakubali. Nilikuwa nimejiwekea kichwani kwamba Mwalimu Stefano ni mtu wa pwani. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilikata shauri mwenyewe, kwa sababu hakuwahi kutamka neno moja la Kigogo shuleni, na aliyelitamka alishikishwa adabu. Mtu wa namna hiyo, niliwaza, ametoka mahali ambapo ng'ombe hawana masikio ya kusemwa.

Siku ya mnada tulifika mapema. Pembeni, chini ya turubai, alikuwa amekaa mgeni kutoka wilayani, amevaa suti katika jua lile, na Mwalimu Stefano alikuwa amevaa shati lake jeupe la sherehe. Vumbi, moshi wa nyama, chumvi za mawe zimepangwa juu ya magunia, madalali wanapigana vikumbo, ng'ombe wanalia wakiitana na wale waliokwisha kupakiwa. Baba alinishika mkono. Matangazo mengine yalisomwa haraka, mbuzi wawili, pikipiki, mtoto aliyeachana na mama yake. Halafu Mwalimu Stefano akakohoa, akakisogeza kipaza sauti, na nikajua sasa ni zamu yetu.

"Ama kwa hakika, uzuri wa ng'ombe huyu hausemeki! Rangi yake ni kama jua linapoaga magharibi, na pembe zake zimepinda mithili ya mwezi mchanga unaochungulia milima ya Kibakwe. Je, ni jicho gani lililouona mwendo wake, mwendo wa bibi harusi anayesindikizwa na shangazi zake, likaweza kutazama pengine? Amepotea. Lo! Zizi limebaki ukiwa, na ndama anamlilia mama yake usiku na mchana."

Sikatai, alikuwa fundi. Pale aliposema "Amepotea," baada ya maneno yale marefu, alinyamaza kidogo tu, na mnada mzima ukashusha pumzi. Mwanamke aliyekuwa akiuza supu aliweka mkono kifuani. Niliona kwa macho yangu jinsi sentensi fupi ikiwekwa mahali pake inavyoweza kumshika mtu koo. Somo hilo nililipata pale, kutoka kwake, na ninalitumia kazini mpaka leo. Ndiyo sababu siwezi kumsamehe. Mtu asiyejua kazi yake anaharibu kwa bahati mbaya. Yeye alikuwa na chombo kikali mkononi na akakitumia kuchonga maua.

Watu walipiga makofi. Wengine walipiga miluzi. Mgeni wa wilayani aligeuka akamwuliza jirani yake jambo, huku akitabasamu na kumwonyesha Mwalimu Stefano kwa kidole. Na mimi, Mungu wangu, nilipiga makofi kuliko wote. Nilirukaruka. Nilidhani makofi maana yake wamemwona. Kwa akili yangu, watu wengi namna ile hawawezi kufurahi pamoja bure, lazima mmoja wao amesema, "Yule kule!" Nikamwachia baba mkono nikatazama huku na huku, nikingoja umati ufunguke katikati na Mkwe apite taratibu kama kawaida yake. Umati haukufunguka. Makofi yakaisha, mtu akaanza kutangaza bei ya vitenge.

"Baba, yuko wapi?"

Baba alinishika mkono tena. Alikuwa ametazama chini.

Kuelekea alasiri, watu wakianza kutawanyika, baba aliamua kufanya alichokizoea. Akamfuata kila aliyekuwa amebaki, akasalimia, akaeleza. Kiswahili chake kilikuwa kizito, lakini kilifika. Alimfikia kijana mmoja mpakiaji aliyekuwa amekaa kwenye tairi akinywa maji kwenye dumu. Kijana yule hakuwa wa kwetu na hakujua kuitikia, alikuwa anatikisa kichwa tu. Mpaka baba alipofika kwenye sikio.

Kijana akashusha dumu. "La kushoto? Limekatwa hapa, halafu kuna pengo hapa?" Akashika sikio lake mwenyewe kuonyesha.

"Eee," baba akasema.

"Mwekundu, ana kama majivu mgongoni?"

"Eee."

"Aa, mzee wangu! Huyo nimempakia mimi kwa mkono wangu. Alikuwa hataki kupanda, nikamshika sikio, ndiyo maana nakumbuka. Lori limeondoka sasa hivi, hata vumbi halijatua. Mbona hamkutangaza?"

"Tumetangaza," nikasema mimi.

"Lini? Mimi nimekuwepo toka asubuhi."

"Mwalimu ametangaza. Pale kwenye kipaza sauti."

Kijana akanitazama, akamtazama baba, akaanza kucheka, kisha akaona nyuso zetu akaacha. "Lile la bibi harusi? Sasa dada, mimi ningejuaje? Nilikuwa nimemshika huyo ng'ombe wenu sikio huku namsikiliza huyo bibi harusi. Nikasema, mwenye ng'ombe mzuri hivyo pole yake."

Tulikimbia mpaka barabarani. Hapakuwa na lori. Ilibaki harufu tu, ile niliyoisema, imening'inia juu ya lami. Baba alitafuta mtu wa pikipiki, wakafukuza, wakafika mjini Dodoma jioni sana, na alirudi kesho yake akiwa amebeba shuka lake begani na hana kingine. Kibali cha usafirishaji kilisema ng'ombe jike, mwekundu. Wekundu walikuwa wengi. Aliyemleta mnadani hakujulikana, na Mkwe alikwisha kuchinjwa.

Ndama alikufa kabla ya mvua.

Mwalimu Stefano alikuja kutoa pole. Alimwamkia baba shikamoo, akakaa, akasema kwa Kiswahili chake kizuri kwamba amesikitika mno, ila tangazo lenyewe lilipokelewa vizuri, hata mgeni wa wilayani ameulizia jina lake. Alimwambia hivyo mtu aliyepotelewa na ng'ombe na ndama. Baba akamwambia, "Asante, Mwalimu." Mama alikuwa jikoni, na nilisikia sufuria ikiwekwa chini kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mimi nilijisemea kwamba tusimlaumu. Ni mtu wa pwani. Hajui. Na kwa miezi kadhaa neno hilo, hajui, lilinituliza, nikaendelea kumwandikia fupi, ndefu, swali, mshangao, na kupata alama nzuri.

Kisha, msimu uliofuata, asubuhi moja kabla sijaenda shule, niliona mtu akija kutoka mbali kwenye tambarare. Alikuwa anatembea haraka, hana baiskeli, suruali imejaa mbigili mpaka magotini. Alipokaribia nikamtambua. Nikakimbilia ndani kujiweka sawa, maana mwalimu akija nyumbani mtoto huwa na kosa.

Lakini hakunitafuta. Alisimama nje ya mlango, akaita, "Mbukwenyi!"

Nilidhani kuna mtu mwingine nyuma yake. Sauti ilikuwa yake, salamu ilikuwa ya bibi yangu. Baba akaitikia, akampa kigoda. Mwalimu Stefano akakaa, akaweka mikono juu ya magoti, na akaanza kusema Kigogo, Kigogo safi cha watu wa vijiji vya jirani yetu, kisichokuwa na kigugumizi wala neno la kuazima. Alikuwa na mtamba wake mmoja, aliyeachwa kwa kaka yake, na mtamba huyo hakurudi jana.

"Ni mtamba," akasema.

"Eee," baba akaitikia.

"Ni mweusi."

"Eee."

"Bado mdogo. Hajapandwa."

"Eee."

"Pembe zimeanza kuchomoza tu."

"Eee."

"Tumboni ana baka jeupe ambalo ukimtazama akiwa amesimama hulioni, mpaka alale au aruke mfereji, na hapo utaliona limeanzia kwenye kitovu likapanda ubavu wa kulia kama moshi unaotafuta upenyo wa kutokea."

"Eee."

"Sikio la kulia. Limepasuliwa katikati."

"Eee."

Alikuwa amemaliza. Hakukuwa na swali wala mshangao, na jua halikuaga popote. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na mfuko wa madaftari mkononi, nikimwona mtamba yule waziwazi kana kwamba amesimama kati yao wawili. Alijua. Alikuwa anajua siku zote, tangu siku aliposhika dasta.

Nilitamani baba anyamaze. Itikio moja tu alimeze, ili yule mtu akae pale na sentensi yake bila mtu wa kuipokea. Lakini baba aliitikia mpaka mwisho, kisha akainuka, akachukua fimbo yake na kibuyu cha maji.

Nikamfuata mpaka kwenye zizi, ambako alikuwa akiwafungulia ng'ombe. "Baba, kwa nini umemwitikia?"

"Ulitaka nifanyeje?"

"Alifuta sikio la Mkwe!"

"Mtamba wake hakufuta kitu," baba akasema. Akamwita mdogo wangu ashike ng'ombe, akaondoka na mwalimu kuelekea upande wa milimani, wakitembea sambamba, wakisimama kwenye kila kaya. Kwa mbali niliwaona wakikaa, wakiinuka, wakikaa tena.

Mtamba alipatikana siku ile ile, akiwa na afya yake, amechanganyika na ng'ombe wa watu wengine huko mlimani.

Mtu mmoja aliliona sikio.